Tamthilia Mashuhuri ya Ireland kwenye Jukwaa la Chuo: Hakimiliki, Jinsia na Uhuru wa Mwongozaji

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna hakimiliki inavyoathiri uteuzi na utendaji wa tamthilia za kigeni katika matamasha ya vyuo. Mfano mkuu ni Waiting for Godot ya Samuel Beckett, ambayo onyesho lake la wanafunzi nchini Uholanzi lilifutwa mwaka 2023 kutokana na mgogoro kuhusu jinsia ya waigizaji. Makala yanafafanua chanzo cha mgogoro huo, maamuzi ya mahakama yaliyoutangulia, na yanayopaswa kuzingatiwa na vyuo vya Afrika Mashariki vinapotafsiri na kuigiza kazi za aina hiyo.

Utangulizi

Tamasha la maigizo chuoni ni darasa lisilo na ubao. Humo mwanafunzi hujifunza kusoma matini kwa mwili na sauti yake, na hadhira huipima fasiri yake papo hapo. Hata hivyo, chuo kinapoteua tamthilia ya mwandishi ambaye kazi zake bado zinalindwa, kinakuwa kimeingia mapatano na mtu asiyeonekana ukumbini, yaani mmiliki wa hakimiliki. Masharti ya mmiliki huyo yanaweza kugongana na kanuni za chuo chenyewe.

Kisa cha Groningen

Mwanzoni mwa mwaka 2023, kituo cha utamaduni cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Groningen, kiitwacho Usva, kilifuta onyesho la Waiting for Godot lililotarajiwa kuchezwa mwezi Machi mwaka huo. Mazoezi yalikuwa yameanza tangu mwaka uliotangulia. Sababu iliyotolewa ni kwamba usaili wa waigizaji ulifunguliwa kwa wanaume pekee, jambo ambalo chuo kililiona kuwa ni ubaguzi na fikra iliyopitwa na wakati.

Kwa upande wa pili, kikundi cha maigizo hakikujibunia sharti hilo. Tamthilia ina wahusika watano: Vladimir, Estragon, Pozzo, Lucky na mvulana mmoja. Beckett alishikilia uhaini mwake kwamba wahusika hao waigizwe na wanaume, na baada ya kifo chake wasimamizi wa mirathi yake wameendelea kulilinda sharti hilo. Hoja yake mojawapo ilitokana na matini: Vladimir husumbuliwa na maradhi ya tezi dume. Hivyo wanafunzi walijikuta kati ya nyundo na fuawe. Kuwaita wanawake kwenye usaili kungehatarisha kibali cha kuigiza, na kutowaita kulikiuka kanuni ya usawa ya chuo.

Maamuzi ya mahakama

Mgogoro huu si mpya. Mwaka 1988 Beckett mwenyewe alikishtaki kikundi kimoja cha maigizo cha Haarlem, Uholanzi, kilichowapa wanawake nafasi za wahusika hao. Mahakama haikukubaliana naye, kwa kuwa onyesho liliifuata matini kwa uaminifu. Beckett alijibu kwa kupiga marufuku kazi zake kuigizwa nchini humo. Nchini Ufaransa, mapema katika miaka ya 1990, mahakama ilielemea upande wa mwandishi. Nchini Italia, mwaka 2006, mahakama ya Roma iliruhusu wanawake waigize.

Tofauti hizi zinatokana na namna mbili za kuielewa haki ya kimaadili ya mtunzi, ambayo Mkataba wa Berne unaitambua katika kifungu cha 6bis. Kwa fasiri ya kwanza, uasilia wa kazi umo katika maneno na muundo wake. Mwongozaji asiyebadilisha neno hajaiharibu kazi. Kwa fasiri ya pili, maelekezo ya jukwaani na sifa za wahusika ni sehemu ya kazi sawa na maneno yenyewe. Chuo hakiwezi kukisia mahakama itafuata fasiri ipi. Kwa sababu hiyo, masharti yaliyoandikwa kwenye leseni ndiyo mwongozo wa kwanza.

Muda wa ulinzi

Si tamthilia zote za Ireland zenye mzigo huu. J. M. Synge, mtunzi wa The Playboy of the Western World, alifariki mwaka 1909, na Lady Gregory mwaka 1932. Kazi zao ziko huru. Nchini Ireland na Uholanzi hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001, kama kiwango cha chini cha Mkataba wa Berne, imeweka miaka 50.

Tofauti hiyo ina matokeo ya kiutendaji. Sean O'Casey, mtunzi wa Juno and the Paycock, alifariki mwaka 1964. Kwa hesabu ya miaka 50, kazi zake zimekuwa huru nchini Kenya tangu mwanzo wa mwaka 2015, ilhali nchini Ireland zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2034. Beckett alifariki Desemba 1989. Kwa hesabu hiyo hiyo, ulinzi wake nchini Kenya utakoma mwisho wa mwaka 2039, na nchini Ireland mwisho wa mwaka 2059. Onyesho lililo halali Nairobi linaweza basi kuhitaji kibali pindi kikundi kinapoalikwa Dublin.

Tafsiri ya Kiswahili

Kwa wanaofanya kazi kwa Kiswahili kuna tabaka la ziada. Mkataba wa Berne unatenganisha haki ya kutafsiri, haki ya kuigiza hadharani na haki ya kurekebisha kazi. Aliyepata kibali cha kuigiza hajapata, kwa kibali hicho pekee, ruhusa ya kutafsiri. Aliyeruhusiwa kutafsiri naye hana ruhusa ya kuwahamishia wahusika Kisumu au Tanga. Aidha, Beckett aliiandika tamthilia hii kwanza kwa Kifaransa, ikaigizwa Paris Januari 1953, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kubainisha anatumia matini ipi, kwa kuwa matini hizo mbili hazilingani kila mahali.

Hitimisho na mapendekezo

Kisa cha Groningen kinaonyesha kwamba mgogoro wa leseni ukigunduliwa baada ya mazoezi kuanza, hasara huwaangukia wanafunzi. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kamati za matamasha zidai uthibitisho wa hali ya hakimiliki kabla ya kuidhinisha tamthilia. Pili, masharti ya leseni yalinganishwe na kanuni za usawa za chuo kabla ya usaili. Yakigongana, chuo kiombe msamaha wa sharti au kiteue kazi nyingine. Tatu, idara za Kiswahili zianze kutafsiri kazi zilizokwisha kuwa huru, kama za Synge na Gregory. Kwa kazi hizo, mwongozaji anaweza kumpa binti nafasi ya Christy Mahon bila kumwomba mtu yeyote ruhusa, na kibaki kwa hadhira kuamua kama fasiri yake inasimama.