Ngitili Zetu na Miguu Yetu

Mtu wa mjini Shinyanga akipata siku ya mapumziko huwa ana njia mbili tu za kupita: ile ya msibani au harusini, na ile ya kibandani kutazama mpira. Hatusemi kwamba njia hizo ni mbaya, maana msiba ni wajibu na mpira ni furaha ya wengi. Lakini Jumamosi moja tuliwauliza vijana watano waliokuwa wakingoja abiria kwenye bajaji zao, ni lini mara ya mwisho walitembea porini pasipo kutafuta kuni wala ng'ombe aliyepotea. Walicheka sana. Mmoja wao akatuuliza kwa adabu kama tulikuwa tumepoteza kitu huko.

Tuliwaambia kwamba mkoa mzima uliwahi kupoteza, ukapata tena, na sasa uko katika hatari ya kupoteza mara ya pili. Kisha tukapanda hiace ya kwenda Old Shinyanga.

Safari yenyewe ni fupi, na nauli haimshindi mtu mwenye kazi. Old Shinyanga si jina la bure. Hapo ndipo serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilipoweka makao ya utafiti wa mbung'o, chini ya bwana mmoja aliyeitwa Charles Swynnerton. Kuanzia miaka ya 1920 watu wa nchi hii walitolewa kwa maelfu kwenda kufyeka na kuchoma pori ili mbung'o wakose kivuli. Mbung'o kweli walirudi nyuma, mifugo ikaongezeka, na mahali palipokuwa na migunga na miombo pakafuatwa na pamba. Kazi hiyo ilisifiwa wakati wake, na wenye ng'ombe walikuwa na sababu ya kuisifu. Waliosifu hawakuhesabu miti.

Ulipokuja mwaka 1974 na Operesheni Vijiji, familia nyingi zilihamishwa kwenda vijijini, zikaziacha nyuma ngitili zao. Sisi tulio makada hatuna budi kulisema hili bila ya kuzunguka, maana nia njema haizuii madhara. Ngitili ni kipande cha ardhi ambacho Msukuma hukifunga mvua za kwanza zinapoanza, nyasi na miti vikue bila kuguswa, kisha hukifungua kidogo kidogo wakati wa kiangazi, malisho ya nje yakishakwisha. Wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wa maziwa, maksai wa kulimia na ng'ombe waliozeeka. Mwenye ngitili akihamishwa mbali nayo, nani atailinda? Ikawa mali ya kila mtu, na mali ya kila mtu twaijua mwisho wake.

Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alipozuru mkoa huu aliiona nchi iliyokuwa inageuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wananchi waliuita HASHI kwa kifupi. Wataalamu walianza, kama ilivyo desturi ya wataalamu, kwa kugawa miche. Sifa yao ni kwamba baadaye walikubali kuwasikiliza wazee, wakaona kuwa visiki na mizizi ya miti ya asili ilikuwa ingali hai ardhini, ikingoja kuachwa tu. Dagashida, yaani baraza la jadi, likaweka sheria, na sungusungu wakazisimamia. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Miaka ya mwanzoni ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 350,000, katika vijiji zaidi ya 800. Msomaji akumbuke kwamba Shinyanga ya wakati huo ilikuwa pana, ikiwa pamoja na Maswa, Meatu na Bariadi ambazo tangu 2012 zimo Simiyu, na Bukombe iliyokwenda Geita. Wachunguzi waliohesabu kuni, malisho, asali, dawa, nyasi za kuezekea na matunda walipata faida ya kama dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati ambapo matumizi ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa kwa wastani dola 8 na nusu. Waliandika pia aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege.

Hao ndege tuliwasikia kabla ya kuwaona. Tulishuka kwenye hiace tukashika njia ya ng'ombe kwa miguu, na baada ya nusu saa hivi tukafika ukingoni mwa ngitili ya familia moja. Hapakuwa na ua wala waya. Kulikuwa na mwanzo wa kivuli tu. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi chini ya mkwaju, tukampa mwangaluka yake na shikamoo, naye akatuuliza tumetumwa na ofisi gani. Tulipomjibu kwamba hatukutumwa, tumekuja kutembea, alitutazama viatu kwa muda mrefu.

"Tembeeni, wanangu," akasema. "Ila msiwashe moto, na msikate hata fimbo."

Alitutembeza mwenyewe. Alituonyesha mifuru, mintonga, na mgunga ambao alisema ulikuwa kisiki cha kimo cha goti alipoufungia. Vijana wawili wa bajaji tuliokuwa nao, wazaliwa wa mjini, hawakuujua mti hata mmoja kwa jina isipokuwa mbuyu. Hatuwalaumu. Nani aliwapeleka? Madrasani tulifundishwa kwamba mtu akipanda mti, kila anachokula ndege au mnyama katika mti ule huandikwa kuwa sadaka yake. Tulimwambia mzee jambo hilo, akajibu kuwa yeye hakupanda, aliacha tu. Tukamwambia twadhani hesabu ni moja.

Mbele kidogo tukakuta majivu ya tanuru la mkaa. Mzee alinyamaza, kisha akatueleza. Ana watoto wa kiume watano. Mmoja yuko kwenye maduara Geita, naye ameleta habari kwamba wachimbaji wadogo wananunua magogo ya matimba ya kuzuia kuta za mashimo zisiwaangukie, na bei ni nzuri. Mwingine anataka igawanywe walime. Tanuru lilikuwa la nani, hakusema, nasi hatukuuliza.

Hatuwezi kumwambia mchimbaji ashuke shimoni bila ya matimba, maana ni roho yake. Lakini biashara hiyo yaweza kupandiwa miti yake ya kuvunwa, karibu na machimbo, badala ya kufuata ngitili zilizochukua miaka 30 kusimama. Halmashauri za Geita na Kahama zina ardhi na zina ushuru wa dhahabu. Tunatoa hoja hiyo kwao hadharani. Kwa serikali za vijiji tunatoa nyingine: ngitili iandikwe, mipaka yake ijulikane, ili baba akifa watoto wasianze na shoka.

Na kwa ndugu zetu wa mjini: hiace zinaondoka stendi tangu alfajiri. Wapitie kwanza kwa mtendaji wa kijiji, wamsalimu mwenye ngitili, wachukue maji, na waende kabla ya jua kuwa kali. Mbuga ya Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977 na ni nzuri mno, lakini ina kiingilio na boti. Huku kiingilio ni salamu.

Tuliporudi barabarani jioni, yule kijana aliyetuuliza kama tumepoteza kitu alikuwa na furu mfukoni, alizopewa na mzee. Alitaka kujua kama tutakwenda tena Jumamosi, na kama anaweza kumleta mdogo wake.