Santuri Isiyo na Jina

Kabla ya kuchezwa mbele za watu, santuri ilioshwa. Clive Campbell, kijana ambaye Bronx, New York, ilimjua kama DJ Kool Herc, alilowesha santuri zake majini mpaka ile karatasi ya katikati, yenye jina la wimbo na la mwimbaji, ibanduke. Sababu ilikuwa wapinzani. Ma-DJ wengine walikuja dansini kuchungulia tu, na aliyeona jina angeamkia dukani kesho yake. Watu wapewe muziki wote. Jina libaki kwa mwenyewe.

Desturi hiyo hakuibuni Herc. Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1955, akahamia New York mwaka 1967, na Kingston ya utotoni mwake ilikuwa mji wa mitambo mikubwa ya muziki iliyofungwa viwanjani na kushindana kwa santuri adimu kutoka Marekani. Coxsone Dodd, mwenye mtambo mmojawapo, alikwangua jina kwenye santuri moja ya mpiga saksofoni Willis Jackson, akaibatiza “Coxsone Hop”, na washindani wake wakahangaika kuitafuta. Kaskazini mwa Uingereza nako, katika ukumbi wa Wigan Casino ulioanza dansi zake za soul mwaka 1973, ma-DJ walibandika jina la uongo juu ya jina la kweli.

Wengi huuona huo ni uchoyo. Mimi naona ni ulinzi wa jasho. Santuri ya zamani iliyosahaulika hupatikana kwa kuinama juu ya kreti zenye vumbi, kusikiliza takataka nyingi, na kutumia hela ambayo pengine ilikuwa ya chakula. Kisha yule aliyehangaika hivyo anaupeleka muziki wenyewe kwa yeyote mwenye kiingilio. Tarehe 11 Agosti 1973, Cindy Campbell, dada yake Herc, aliandaa dansi katika ukumbi wa jengo la 1520 Sedgwick Avenue apate fedha za nguo za kufungulia shule. Wasichana walilipa senti 25, wavulana 50.

Herc aligundua kwamba wachezaji walikuwa wakingojea mahali pamoja tu ndani ya wimbo: pale waimbaji na vinanda vinaponyamaza, dramu na besi vikabaki peke yake. Wapenzi wa muziki wa dansi wa Dar es Salaam wanaifahamu hali hiyo, mashairi yanapokwisha na chemko likaanza, viti vikabaki vitupu. Tatizo ni kwamba kwenye santuri kipande hicho hudumu sekunde chache. Dawa ya Herc ilikuwa kutumia nakala mbili za santuri moja kwenye mashine mbili: kipande kikiisha huku, anakianzisha kule.

Hapo ndipo mipaka ya aina za muziki ilipopoteza nguvu. DJ anayetafuta sekunde kumi za dramu hamuulizi mpigaji anatoka kabila gani. James Brown na fanki yake walikuwa msingi, lakini kipenzi kingine cha Bronx kilikuwa “The Mexican” ya Babe Ruth, bendi ya roki ya Waingereza, na kingine “Apache” ya Incredible Bongo Band ya mwaka 1973, wimbo uliotungwa na Mwingereza Jerry Lordan. Vijana weusi na wa Puerto Rico walizicheza bila kujua asili yake, na wengine bila kujali. Afrika Bambaataa, DJ mwingine wa huko, aliwachezea Kraftwerk wa Ujerumani kwenye dansi za Bronx River, kisha mwaka 1982 akaiingiza melodi yao katika “Planet Rock”. (Jina lake baadaye limeandamwa na tuhuma nzito za kuwadhulumu vijana kingono, na sioni haki kulitaja bila kusema hivyo.)

Upande wa pili wa mji, David Mancuso alifanya kazi hiyo hiyo katika dansi za nyumbani kwake, The Loft. Kwenye duka moja la Brooklyn la watu wa Karibi aliipata “Soul Makossa” ya Mkameruni Manu Dibango, upande wa pili wa santuri iliyotolewa mwaka 1972 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Kutoka sebule ile ikaingia redioni, kisha kwenye chati za Marekani.

Kugawana si lazima kupokelewe. Mwaka 1981 bendi ya panki ya Uingereza, The Clash, ilipiga mfululizo wa maonyesho katika ukumbi wa Bond's, Times Square. Wao walikuwa wameshaipenda hip hop kiasi cha kurekodi “The Magnificent Seven”, ambayo WBLS, redio ya watu weusi wa New York, iliipiga. Kwa hiyo waliwaalika Grandmaster Flash and the Furious Five wawafungulie jukwaa. Mashabiki wa panki wakawazomea na kuwarushia vikombe. Watu waliojiita waasi walishindwa kusikiliza uasi wa jirani yao, na hilo huniuma mpaka leo ninapolisoma. Mwaka uliofuata, kwenye ukumbi wa Roxy wa New York, mashabiki wa panki na vijana wa Bronx walikuwa wakicheza sakafu moja kila Ijumaa.

Lakini kama ningetakiwa kuchagua santuri moja tu ya kuielezea jamii hii yote ya wapenzi wa santuri, ningechagua ile ya bendi ya ESG. Dada wa ukoo wa Scroggins walikulia Bronx Kusini, na mama yao aliwanunulia ala ili mitaa isiwachukue. Martin Hannett, mtayarishaji wa muziki wa panki wa Manchester, aliwarekodi, na santuri ikatoka mwaka 1981. Santuri ile ina “Moody”, iliyopendwa sana Paradise Garage, ukumbi ambao DJ wake alikuwa Larry Levan, na kati ya wapenzi wa muziki wa hausi wa Chicago. Ina pia “UFO”, ambayo king'ora chake cha gitaa kilichukuliwa kama sampo, yaani kipande cha kutumia ndani ya wimbo mwingine, na watu wa hip hop mara nyingi mno, Big Daddy Kane akiwamo. ESG walipiga usiku wa ufunguzi wa Haçienda huko Manchester mwaka 1982, na wakapiga wakati Paradise Garage ikiagwa mwaka 1987. Wapenzi wa fanki, wa panki, wa hip hop na wa disko, kila mmoja aliwahesabu kuwa wake.

Mwaka 1986 usiri ulivunjwa. Lenny Roberts wa Bronx alianza kutoa mkusanyo wa Ultimate Breaks and Beats, majuzuu 25 yaliyotoka hadi mwaka 1991, na nyimbo zilizokuwa zikifichwa zikawa dukani na majina yake. Juzuu la kwanza lilikuwa na “Amen, Brother” ya The Winstons, ya mwaka 1969. Sekunde sita hivi za dramu za Gregory Coleman zikatumiwa kama sampo kwenye maelfu ya nyimbo, na muziki wa jungle wa Uingereza ukajengwa juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi, bila kulipwa senti kwa sekunde zile. Ni mwaka 2015 tu ndipo mchango ulioanzishwa Uingereza ulipofikisha pauni 24,000, ukakabidhiwa kwa kiongozi wa bendi, Richard Spencer.

Huko kufutwa kwa jina sikutetei. Kumficha mpigaji kwa mpinzani wako usiku mmoja ni mchezo. Kumficha kwa mhasibu ni wizi. ESG hawakungoja mchango. Mwaka 1992 walitoa santuri ambayo jina lake lenyewe lilikuwa dai: kutajwa kwenye sampo hakulipi bili zetu. Wakaendelea kupiga. Binti wa Renee Scroggins alishika besi, binti wa dada yake Valerie akashika gitaa, na “UFO” ikapigwa jukwaani na wenyewe, mbele ya watu waliokuwa wameisikia miaka mingi ndani ya nyimbo za wengine.