Nakisi ya Bajeti Huishia kwa Mgonjwa

Kila mwezi wa Juni Waziri wa Fedha anapoingia bungeni na mkoba wake, wengi wetu hutega sikio kusikia bei ya mafuta, unga, pombe na sigara. Mabilioni ya Wizara ya Afya hutajwa kwa haraka, yakaonekana kuwa mengi, kisha mazungumzo yakahamia kwingine. Sisi tunaotibu watu hungoja jambo jingine: pesa hizo zitafika lini, na zikipungua katikati ya mwaka ni kitu gani kitakatwa kwanza.

Nakisi, kwa ufupi, ni hali ya serikali kutumia zaidi ya inachokusanya. Pengo hilo huzibwa kwa mikopo, na mikopo ina riba. Deni la taifa la Kenya lilivuka shilingi trilioni 10 mwaka 2023. Kifungu cha 214 cha Katiba kinaagiza kwamba deni la umma lilipwe kutoka mfuko mkuu wa serikali, kwa hiyo mkopeshaji huhudumiwa kabla ya zahanati. Kinachobaki ndicho hugawiwa wizara na kaunti 47, na aghalabu hufika kwa kuchelewa.

Sasa jiweke mahali pa msimamizi wa hospitali ambaye pesa zake zimechelewa miezi mitatu. Mishahara haikatiki kwa urahisi kwa kuwa wafanyakazi watagoma. Jengo lililoanza kujengwa lina mwanakandarasi anayedai na mwanasiasa anayesubiri kulizindua. Vinavyobaki ni vitu visivyo na mtetezi: glavu, dawa za maabara, tembe za shinikizo la damu, gesi ya friji ya chanjo, mafuta ya ambulensi. Hivi ndivyo hukatwa. Mgonjwa hupewa karatasi aende kununua dukani, na katika vitabu vya serikali huonekana kwamba pesa zimeokolewa.

Tumewahi kuiona hali hii. Mwaka 1965 serikali changa ya Kenya iliondoa ada iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani. Ilipofika Desemba 1989, bajeti ikiwa imebanwa na wafadhili wakishinikiza serikali ipunguze matumizi, ada zikarudishwa kwa jina la kugawana gharama. Kilichotokea kiliandikwa. Watafiti walihesabu wagonjwa katika kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi kabla ya ada, wakati wa ada, na baada ya ada hiyo kusimamishwa mwaka 1990. Wagonjwa walipungua mno, wanaume zaidi kuliko wanawake. Ada ilipoondolewa wanawake walirudi kwa wingi, lakini wanaume wengi hawakurudi.

Fikiria ulikuwa wakati gani. Virusi vya Ukimwi vilikuwa vikienea nchini, na kidonda cha ugonjwa wa zinaa kisichotibiwa hurahisisha kuambukizwa na kuambukiza virusi hivyo. Shilingi zilizokusanywa pale dirishani zilikuwa chache. Wale waliokosa matibabu miaka hiyo walirudi wodini baadaye, na sote tuliokuwa na macho tuliona wodi zilivyojaa. Ada zilipunguzwa mwaka 2004 hadi shilingi 10 katika zahanati na 20 katika kituo cha afya, kisha zikafutwa katika ngazi hizo mwaka 2013 pamoja na ada za kujifungua katika hospitali za umma. Ilituchukua takriban robo karne kurudi tulikokuwa.

Ugonjwa ninaokutana nao zaidi leo unaohusiana na habari hii ni shinikizo la damu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Shinikizo hilo haliumi. Mtu hutembea nalo miaka kumi akijiona mzima, huku mishipa midogo ya figo ikiharibika polepole. Tembe zinazoweza kulizuia ni za zamani na za bei ya chini. Zinapokosekana katika zahanati, mgonjwa hufanya anachoweza: humeza nusu tembe ili zidumu, au humeza siku kichwa kinapomuuma. Wengi wa wagonjwa wangu wa umri wa kati wamewahi kufanya hivyo, na siwalaumu, maana kodi ya nyumba haingoji.

Figo zikishindwa, mtu husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara mbili kwa wiki. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, iliweka malipo ya shilingi 10,650 kwa kila kikao. Piga hesabu mwenyewe. Ni shilingi 21,300 kwa wiki, na zaidi ya milioni 1.1 kwa mwaka kwa mtu mmoja, bila nauli na siku za kazi zilizopotea. Pesa hizo zingewanunulia tembe wagonjwa wengi sana. Simaanishi kwamba anayesafishwa damu asigharamiwe. Bila mashine hiyo atakufa. Ninachosema ni kwamba anayekata bajeti ya tembe leo anajiandikia bili ya mashine, na bili hiyo huja wakati waziri mwingine ameshika mkoba.

Kuhusu mashine, tunayo historia ya karibuni. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa iliingia katika mkataba wa kukodi vifaa vya kisasa kwa hospitali mbili katika kila kaunti, zikiwamo mashine za eksirei na za figo. Pesa za kukodi zilikatwa katika fedha za kaunti, kiwango kilekile kwa kila kaunti: shilingi milioni 95 kwa mwaka mwanzoni, kisha milioni 200. Kamati ya Seneti ilipouchunguza mradi huo, ripoti yake ya mwaka 2020 ilieleza vifaa vilivyolala bila kutumiwa, mahali pengine kwa kukosa umeme au maji, pengine kwa kukosa mtaalamu wa kuviendesha. Kuna wagonjwa waliosaidiwa na mashine hizo, hilo sikatai. Lakini ilikuwaje tukakodi kwanza, ndipo tukaulizana nani atazitumia?

Mwaka 2025 zamu ilikuwa ya watoto wachanga. Chanjo ya BCG ya kukinga kifua kikuu na ile ya polio ziliadimika katika vituo vingi. Chanjo hizi za zamani hununuliwa na serikali yenyewe, na dozi moja ni bei ndogo mno. Mtoto aliyezaliwa wiki zile akarudishwa nyumbani bila BCG hakuingia katika hesabu ya nakisi.

Msomaji aliyejiandikisha na SHA ataniuliza, mbona tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara? Makato hayo huingia katika mfuko mmoja kati ya mitatu. Mfuko wa afya ya msingi, unaolipia zahanati na vituo vya afya, na ule wa magonjwa sugu na dharura hutegemea pesa zinazotengwa na Bunge. Kwa maneno mengine, sehemu ileile ya kuzuia ugonjwa mapema ndiyo iliyoachwa mikononi mwa bajeti yenye nakisi. Viongozi wa Afrika waliahidi huko Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijafika hapo.

Kwa upande wako, pima shinikizo la damu hata kama huumwi. Likifika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, mwone daktari, na usikatize wala kupunguza tembe bila kumwuliza. Zikikuzidi bei mwambie waziwazi, kwani mara nyingi ipo ya bei nafuu inayofanya kazi ileile.

Kisha kuna mikutano ya bajeti ya kaunti, ambayo wakazi wa mijini huiachia wazee wa mtaa. Kwa mujibu wa sheria, mpango wa matumizi wa kaunti hufika kwenye bunge la kaunti kufikia mwisho wa Februari na makadirio yenyewe kufikia mwisho wa Aprili, na wananchi wana haki ya kusikizwa. Ukienda, usishughulike na jengo jipya wanalokuonyesha kwenye picha. Uliza kaunti inadaiwa kiasi gani na KEMSA, shirika linalosambaza dawa. Uliza pia tembe za shinikizo na za kisukari zilikosekana siku ngapi mwaka uliopita katika zahanati iliyo karibu nawe. Muuguzi wa pale anayo idadi hiyo kwenye daftari lake.