Picha Zinazolala Nje

Treni ya kutoka Paris inamshusha mgeni Redon, mji mdogo wa jimbo la Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Kutoka hapo ni kama kilomita 15 kwa gari, kati ya mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe, mpaka La Gacilly. Hakuna geti wala mkata tiketi. Mgeni anavuka mto Aff, anakata kona penye nyumba za mawe, na mara anakabiliana na uso wa mtu uliojaa ukuta mzima. Chini ya uso huo pameota maua. Hatua chache mbele, katikati ya majani, kuna picha nyingine, na nyingine tena nyuma ya hiyo. Amekwisha kuingia kwenye maonyesho bila kujua mlango ulikuwa wapi.

Tamasha la picha la La Gacilly lilianza mwaka 2004. Kila mwaka hufunguliwa mwanzoni mwa majira ya joto, mwezi Juni, na huendelea kwa takriban miezi minne. Kiingilio ni bure. Waandaaji wanakadiria wageni zaidi ya 300,000 kwa msimu, katika eneo lenye wakazi wapatao 4,000 tu. Maana yake, kila mwenyeji mmoja anafikiwa na wageni zaidi ya sabini.

Wengi huuliza wageni hao wanalala wapi. Fundi wa picha ana swali lake jingine. Picha ni kitu ambacho bibi hukifunga kwenye kanga na kukificha sandukuni, kwa sababu kinaogopa jua, maji na vumbi. Inawezekanaje basi kiachwe nje miezi minne, usiku na mchana, na bado kivutie?

Aliyelianzisha tamasha hakuwa mpigapicha, bali mtoto wa mwenye kiwanda. Baba yake, Yves Rocher, mzaliwa wa kijiji hicho mwaka 1930, alifungua kampuni yake ya vipodozi vya mimea hapo hapo mwaka 1959, na bidhaa zake akaziuza kwa njia ya posta. Alikuwa meya wa La Gacilly tangu 1962 hadi 2008, miaka 46, akipambana na tatizo linalojulikana hata kwetu: vijana kukimbilia mjini na nyumba kubaki na wazee. Kiwanda kilileta ajira. Mwanawe Jacques, aliyempokea umeya mwaka 2008, ndiye aliyekuwa ameanzisha tamasha miaka minne kabla, na akalipa mada moja ambayo halijaiacha hadi leo: binadamu na mazingira yake.

Je, si tangazo la vipodozi lililovishwa nguo za sanaa? Swali hilo ni la haki, maana jina la Rocher halikwepeki pale kijijini. Lakini kipimo kizuri cha mfadhili yeyote ni kuuliza nani anachagua kazi zitakazoonyeshwa. La Gacilly uteuzi umekuwa mikononi mwa watu wa fani, akiwemo Cyril Drouhet, aliyesimamia picha katika jarida la Le Figaro Magazine. Tena mada ya mazingira haiwezi kuishia kwenye maua. Inagusa migodi, misitu inayokatwa, bahari inayokula pwani, na watu wanaohamishwa na ukame. Mwaka 2017 bara lililoalikwa lilikuwa Afrika. Mwaka 2021 ilikuwa zamu ya nchi za kaskazini kabisa mwa Ulaya.

Kazi hizo za Afrika zilisafiri. Mwaka 2018 zilifungua tamasha dada katika mji wa Baden, karibu na Vienna, nchini Austria. Tangu hapo umekuwa utaratibu: kinachoonyeshwa Bretagne kiangazi hiki hupelekwa Baden kiangazi kinachofuata.

Turudi kwenye swali la fundi. Katika jumba la makumbusho picha ndiyo inayotangulia. Ukuta ni mweupe, taa inaelekezwa inapotakiwa, na mtazamaji amekuja kwa kusudi hilo. Kijijini mambo yanapinduka, kwa kuwa mahali ndipo panapoamua. Msimamizi wa maonyesho huanza kwa kutembea na futi ya kupimia kabla hata ya kufungua faili la picha. La Gacilly kuna eneo liitwalo Labyrinthe Végétal, bustani ya njia za kuzungukazunguka. Hapo mtu haoni picha zote kwa pamoja, kwa hiyo panafaa hadithi inayosimuliwa hatua kwa hatua. Ukuta mpana unaoonekana kutoka mbali unadai kitu tofauti: picha moja yenye umbo rahisi, ambayo hata dereva anayepita ataielewa kwa mtupo mmoja wa jicho. Ukizibadilisha nafasi, zote mbili zitaharibika.

Baada ya mahali huja ukubwa, na hapa ndipo wapigapicha wengi wanapohofu bure. Wanadhani picha ya mita tatu inahitaji kamera ya bei ya gari. Jicho lenye afya hutenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa takriban milimita 0.3, mtazamaji akiwa umbali wa mita moja. Akirudi nyuma hadi mita tatu, nukta zinaweza kuachana kwa karibu milimita 0.9 na bado asizitenganishe. Kwa hesabu hiyo, picha yenye upana wa mita tatu, ikitazamwa kutoka mita tatu, inatosheka na pikseli 3,500 hivi kwa upana. Kamera ya megapikseli 12, ambayo huzaa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, inaimudu kazi hiyo. Hata simu nyingi za kawaida leo zinafikia idadi hiyo, mradi picha haikutikisika na haikutumwa kwa WhatsApp ikabanwa njiani.

Adui wa kwanza ni jua. Miale ya urujuanimno huvunja chembe za rangi, na rangi hazifi kwa pamoja. Mtu yeyote aliyewahi kutazama bango la mgombea miezi sita baada ya uchaguzi anaujua mwisho wake: wekundu na umanjano vimekimbia, mheshimiwa amebaki wa samawati kama mzimu. Wino wa chembe ngumu hustahimili jua kuliko wino wa maji uliotengenezwa kwa rangi iliyoyeyushwa, na utando wa plastiki unaozuia miale hiyo huongeza uhai. Ndiyo maana fundi huuliza aina ya wino kabla ya kuuliza bei ya mita ya mraba.

Adui wa pili ni upepo, naye huja bila hodi. Upepo wa kilomita 72 kwa saa unasukuma kila mita ya mraba ya ubao kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 25. Picha ya mita tatu kwa mbili ina mita za mraba sita, kwa hiyo misumari na kamba zake zinabeba karibu kilo 150 zinazovuta kwa ghafla, na kuachia, na kuvuta tena. Turubai lisilokazwa hupiga makofi usiku kucha mpaka matundu ya kamba yachanike. Tiba zake zinajulikana: kulikaza turubai pande zote nne, kulibana kwenye fremu ya chuma, kuchagua kitambaa chenye vitundu vidogo vinavyopitisha upepo, au kuachana na turubai na kuchapa juu ya ubao wa alumini.

Wa tatu ni mng'ao. Picha iliyochapwa kwenye karatasi inayong'aa ikipigwa na jua hugeuka kioo, na mtazamaji akabaki anajitazama mwenyewe. Uso usiong'aa hupunguza weusi wa picha kidogo, lakini unasomeka saa zote.

Yako mambo ambayo vipimo havifikii. Anayeingia kwenye jumba la sanaa amejiandaa; anayekwenda kununua mkate hakujiandaa. Picha ya njiani inaonwa na mtoto wa miaka minne, na mzee aliyefiwa wiki iliyopita, na mkulima asiye na habari na sanaa. Kwa hiyo maelezo chini ya picha lazima yawe mafupi, yenye herufi kubwa, yakitaja wapi, lini na nani. La Gacilly imekwenda hatua zaidi kwa kuwapa wanafunzi wa sekondari wa wilaya yake, Morbihan, nafasi ya kupiga na kuonyesha picha zao ndani ya tamasha hilo hilo. Mzazi aliyekuja kutafuta kazi ya mwanawe hujikuta amepita mbele ya kazi za magwiji.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi uko Nairobi. Mwaka 2009 msanii wa Kifaransa anayejulikana kwa jina la JR alifunika takriban mita za mraba 2,000 za mapaa ya Kibera kwa picha za macho na nyuso za wanawake wa hapo. Ubavuni mwa treni ipitayo mtaani alibandika macho, na sehemu ya chini ya nyuso akaiweka kwenye mteremko kandokando ya reli. Treni ilipopita, kwa sekunde chache, uso ulikamilika. Jambo lililowagusa wenye nyumba zaidi lilikuwa malighafi: mapaa yalifunikwa kwa turubai lisilopitisha maji, hivyo mvua ilipokuja picha ilizuia nyumba kuvuja. Kwa kipimo cha ufundi, huo ni usimamizi wa maonyesho wa daraja la juu. Picha ilikuwa na kazi ya kufanya pale ilipolala.

Atakayefunga safari ya kwenda La Gacilly asifike saa sita mchana. Mwezi Juni, Bretagne, jua huchwa baada ya saa nne usiku, na mwanga wa jioni ni mrefu na laini. Rangi zinatulia na makundi ya watu yanapungua. Avae viatu vya kutembelea na achukue koti la mvua, maana mbingu za huko hazina ahadi. Mzunguko wa kwanza aufanye bila kusoma maelezo yoyote, ajue ni picha zipi zilizomsimamisha zenyewe. Wa pili asome. Aangalie pia pembeni na nyuma ya picha: kamba zimefungwaje, ukuta unatazama wapi, kivuli kinaangukia wapi. Somo la fundi liko huko.

Na somo hilo linabebeka. Mafundi wa fleksi wako karibu kila mji wa wilaya, na mashine zilizochapa mabango ya kampeni zinaweza kuchapa picha kumi za kijiji. Karibu na ikweta, ukuta unaotazama mashariki au magharibi hupigwa na jua kali mwaka mzima. Ule wa kaskazini au kusini huokoa rangi, na ukiwa chini ya upenu au kwenye kichochoro chembamba kama vile vya Lamu na Mji Mkongwe, ni bora zaidi. Shule ya msingi ina kuta za namna hiyo. Ofisi ya kijiji pia inazo, na ghala la ushirika.

Mwalimu au mtendaji atakayetaka kujaribu asisubiri mpigapicha kutoka mjini. Aanze na masanduku ya mabibi: picha ya harusi ya mwaka 1974, ya daraja kabla halijachukuliwa na mafuriko, ya timu ya kijiji ilipotwaa kombe. Aombe idhini ya mwenye picha na ya waliomo. Picha yenyewe airudishe kwenye kanga yake siku hiyo hiyo, na nakala tu ndiyo iende kwa fundi. Kisha aandike majina yote chini yake, kwa herufi ambazo bibi huyo ataweza kuzisoma akiwa amesimama barabarani.