Je, Wajua? Gitaa la Kenya katika nyimbo za Bahia

Luedji Luna, mwimbaji aliyezaliwa Salvador, katika jimbo la Bahia, Brazil, mwaka 1987, aliandaa albamu yake ya pili pamoja na mpiga gitaa Mkenya, Kato Change. Albamu hiyo, Bom Mesmo É Estar Debaixo D'Água, ilitoka 2020, na mwaka uliofuata ikateuliwa kuwania tuzo ya Latin Grammy. Luedji huimba kwa Kireno, bila papara, akichanganya jazi na midundo ya Waafrika wa Bahia. Anaimba sana kuhusu mapenzi ya mwanamke mweusi, na hapo ndipo hasa anapokonga nyoyo. Kireno hukijui? Kisikutishe. Anza kwa kulisikiliza gitaa.