Kompyuta 30, Amri Moja: Wacha Kuzunguka Kama Soja

Tuseme umeangukia job ya kuangalia chumba cha kompyuta pale Nunguni, juu kwa milima ya Kilungu. Mashine ni 30, zote za Ubuntu. Ni saa moja asubuhi, ukungu bado umelala, na saa mbili wanafunzi wanaingia. Mwalimu anataka programu mpya kwa kila mashine. Utaenda kiti kwa kiti? Zii, buda, utachelewa.

Dawa ni SSH. Ilitengenezwa 1995 na Tatu Ylönen, msee wa Ufini, baada ya wezi wa pasiwadi kuingilia netiwaki ya chuo chake. Inakuwezesha kuamuru kompyuta ingine ukiwa umekaa pako, na hakuna wa kuchungulia njiani.

Anza na ufunguo: piga ssh-keygen. Sehemu ya siri inabaki kwako, usimpee mtu, hata beshte. Ile ya wazi itume kwa kila mashine na ssh-copy-id. Hapo utaandika pasiwadi mara moja kwa kila moja, basi.

Kisha andika majina ya mashine kwa faili, jina moja kila laini. Iite mashine.txt. Weka parallel-ssh, halafu piga hii:

parallel-ssh -h mashine.txt -i uptime

Hiyo uptime inauliza tu mashine imewaka kwa muda gani, haiharibu kitu. Amri inaenda kwa mashine hadi 32 kwa mpigo, so zako zote zinajibu pamoja. Ile itakuandikia FAILURE ndiyo uinuke ukaicheki, pengine imezimwa. Ya kuweka programu itahitaji akaunti yenye ruhusa ya admin.

Sasa skiza vizuri. Makosa pia yanaenda kwa mpigo. Ukiwa Nairobi utume poweroff kwa bahati mbaya, zote 30 zinalala, na utapanda mat hadi Nunguni kuziwasha kwa mkono. Si stori za jaba: 19 Julai 2024, apdeti moja mbovu ya CrowdStrike iliangusha mashine za Windows kama milioni 8.5 duniani, na nyingi zilibidi mafundi waziendee moja moja.

So tengeneza faili ya pili, moja.txt, yenye mashine moja tu. Kila amri mpya ianzie hapo. Ikikubali, ndio uachilie zingine 29.