Hati ya Uvumbuzi na Mpaka Wake

Mkulima wa Kitale au fundi wa Bungoma akitaka kuunda mashine mpya ya kupukuchua mahindi, yafaa atafute kwanza kama kuna mwingine aliyemtangulia. Asipofanya hivyo huenda akapoteza fedha zake bure, au akashtakiwa.

Hati za uvumbuzi huandikwa Nairobi katika ofisi ya KIPI, kwa Sheria ya mwaka 2001. Katika kila hati tazama mambo matatu. Kwanza, madai: haya ni kama vigingi vya mpaka wa shamba, kilicho nje yake hati haikikatazi. Pili, tarehe: hati hudumu miaka 20 tangu kuombwa, nayo hufa mapema ada isipolipwa. Tatu, nchi: hati ya Marekani peke yake haina nguvu Kenya.

Mbegu, kama zile za Kitale tangu H611 ya mwaka 1964, ni jambo jingine. Aina za mimea hazipewi hati hiyo. Haki ya mzalishaji huandikwa KEPHIS.

Basi mtu akikuonyesha karatasi na kudai malipo, muulize nambari yake, ukaitafute kabla ya kulipa.